Haongei, lakini anasikia

Dada, umeuliza kama mwanao wa miaka 9 mwenye usonji (autism), asiyeongea, anaelewa mnapomjadili mbele yake. Chukulia kwamba anaelewa, na muache leo hii kumsema akiwepo. Kutotamka si kutoelewa. Wapo wenye usonji ambao maneno yamewajaa kichwani, ila mdomo hautii. Anapoziba masikio feni ikiwashwa, huo si utundu: mlio ambao wewe huujali huenda kwake unauma kweli. Mtafutie ubao wa picha na herufi, au programu ya kuongea kwenye tableti. Haitamzuia kuongea, usiogope hilo. Muulize, kisha nyamaza umsubiri ajibu, hata dakika nzima. Usimshike mkono, aguse picha au herufi mwenyewe. Na akigusa “hapana”, iheshimu, hata kama chakula kimeshapakuliwa.