Jibu: Wamarekani wa mwanzo waliwauzia Wachina nini?
Mkuu, umeuliza nchi changa kama Marekani, iliyotoka tu kupata uhuru na isiyo na viwanda, ingepeleka nini China. Jibu la kwanza ni mizizi! Meli ya Empress of China iling'oa nanga New York Februari 1784 ikiwa na takriban tani 30 za jinsengi, iliyochimbwa misituni huko Appalachia, milima ya mashariki mwa Marekani. Wachina waliithamini kama dawa ya kuongeza nguvu. Mei 1785 meli ikarudi na chai, hariri na vyombo vya kauri. Baadaye zikafuata ngozi za fisi-maji, msandali wa Hawaii, sarafu za fedha na, kwa bahati mbaya sana, kasumba (afyuni, dawa ya kulevya) ya Uturuki.

Kuhusu utamaduni, mimi hunivutia zaidi zile sahani za kauri. Juu yake mafundi wa Guangzhou, bandari ya kusini mwa China, walichora nishani ya maofisa wa vita vya uhuru wa Marekani, imeshikwa na malaika anayepuliza tarumbeta, ukingoni nakshi za buluu za Kichina. George Washington alinunua seti yake 1786.

Na usimsahau Houqua, mfanyabiashara tajiri wa Guangzhou. Alimwamini John Murray Forbes, mfanyabiashara wa Boston, kiasi cha kumkabidhi mtaji wake, na sehemu ya mtaji huo ikawekezwa kwenye reli za Marekani.