Jicho Lako Lilianzia Wapi?

Barua tatu za mwezi huu zinazungumzia jambo moja: kukosoana picha za mandhari. Nimeziweka pamoja. Ile ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu tangu niisome sijaacha kuiwaza.

Shikamoo Mwalimu. Huu ni mwaka wangu wa pili kupiga picha za mandhari. Wiki mbili zilizopita niliamka saa kumi alfajiri, nikapanda mlima gizani, nikalisubiri jua lichomoze juu ya ziwa. Nikapata picha ambayo kwangu ni bora kuliko zote nilizowahi kupiga. Niliwaonyesha wenzangu wa kikundi. Wa kwanza akasema "kali sana." Wa pili akasema haina mvuto. Wa tatu akasema upeo wa macho umeinama na rangi nimezidisha. Nilirudi nyumbani nimenyong'onyea, na mpaka leo kamera sijaigusa. Picha nimeiambatisha. Nimsikilize nani?

Marahaba, mwanangu. Picha yako niliifungua kwenye skrini kubwa asubuhi, nikaifunga, nikairudia jioni. Acha nikueleze kilichonitokea nilipoitazama, kwa mpangilio uleule, halafu tutarudi kwa wenzako.

Jicho langu lilianzia kwenye jiwe. Lile jiwe jeupe la pembe ya chini kushoto, ambalo nadhani hukuliona kabisa ulipokuwa pale. Ukiacha jua lenyewe, hakuna kitu kinachong'aa kuliko hilo katika fremu nzima, na jicho la binadamu hukimbilia penye mwanga kabla mwenyewe hajaamua. Nililiondoa pale kwa nguvu, nikapanda na maji mpaka ng'ambo ya ziwa, na hapo nikahisi kama maji yanamwagikia kulia. Kisha nikafika kwenye vilima. Hapo nilisimama. Vilima vitatu, kila kimoja kimefifia kuliko kilicho mbele yake, na katikati ya cha pili na cha tatu umelala ukungu mwembamba kama pumzi. Nilikaa hapo muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Hiyo ndiyo picha yako. Mengine yote ama yanaipeleka njia yangu huko au yanaizuia.

Kuhusu upeo, mwenzako wa tatu ana haki, ila sababu unapaswa kuijua mwenyewe, maana kwenye ziwa jambo hili hudanganya. Ukingo wa mbali ukiwa umekaa mshazari, upande ulio karibu nawe utaonekana umeshuka hata kama kamera imesimama sawasawa. Kwa hiyo usiupime kwa ukingo. Pima kwa taswira ya kitu majini. Kwenye picha yako kuna mti mkavu umesimama majini, karibu na katikati. Ncha ya mti na ncha ya taswira yake majini zinatakiwa ziwe juu kwa chini, kwenye mstari wima mmoja, hata mti wenyewe ungekuwa umepinda. Niliweka rula kwenye skrini: taswira imekimbilia upande mmoja kwa kadiri ya nyuzi (digrii) moja. Unaweza kusema nyuzi moja ni nini? Kwenye picha yenye upana wa pikseli 6,000, nyuzi moja ni tofauti ya pikseli kama 105 kati ya ukingo wa kushoto na wa kulia. Jicho linaihisi hata kama mdomo hauwezi kuieleza. Kuinyoosha ni kazi ya sekunde chache.

Rangi nayo. Fungua histogramu, yaani grafu ya mwanga wa picha kutoka giza la kushoto hadi mwangaza wa kulia, ya rangi mojamoja, usiangalie ile ya jumla. Utaona nyekundu imebanana kwenye ukuta wa kulia. Wakati wa macheo nyekundu ndiyo hujaa ya kwanza, na ukiongeza ukolezi wa rangi juu yake, mawingu yaliyo jirani na jua hupoteza mikunjo yake yote na kubaki bapa kama ukuta uliopakwa rangi jana. Tena, kwenye mgongo wa kilima cha kwanza kuna uzi mweupe unaofuata mstari wa kilima. Uzi huo haukuwepo mlimani. Umetokana na kuvuta vivuli kupita kiasi kwenye programu. Sikuambii upunguze kwa sababu rangi kali ni dhambi. Nakuambia kwa sababu rangi ile ya chungwa inapiga kelele, na ukungu wako unanong'ona.

Sasa wenzako. Aliyesema "kali sana" na aliyesema "haina mvuto" wamekupa kitu kilekile: hali ya nafsi zao siku ile. Usiwachukie, wala usiwafuate. Warudie uwaulize swali moja tu: jicho lako lilianzia wapi, likaenda wapi, likatokea wapi? Mtu yeyote anaweza kulijibu, hata asiyewahi kushika kamera, na jibu lake haliwezi kuwa kosa kwa sababu anaeleza kilichomtokea yeye. Wawili wakikutajia jiwe, jiwe ni tatizo. Ila ukiwauliza dawa, mmoja atasema likate, wa pili atasema lifanye jeusi, wa tatu atasema ungetumia lenzi nyingine, na hapo ndipo watu wengi huchanganyikiwa na kuacha. Mtazamaji anajua vizuri mahali alipojikwaa. Njia ya kuliondoa jiwe ni kazi yako wewe uliyesimama pale. Mimi nahisi hatua mbili kulia zingetosha, lakini sikuwepo. Labda hatua mbili kulia ni korongo.

Nina neno moja zito kidogo, na nalisema kwa sababu nakujali. Katika barua yako umeanza na saa kumi alfajiri, mlima na giza. Naelewa. Ila hivyo vyote havimo kwenye fremu. Mwenzako alipoinyooshea kidole picha, wewe ulisikia ameunyooshea kidole mlima ulioupanda. Vitenganishe. Mimi huwa sionyeshi picha mpaka siku kumi zipite, kwa sababu kabla ya hapo bado miguu inaniuma na ninaiona picha kwa miguu.

Jambo hili nilifundishwa kwa njia iliyoniuma. Miaka mingi iliyopita nilimpelekea mpiga picha mmoja mzee picha ya maporomoko ya maji, imechapishwa, kubwa. Aliiweka mezani, akaitazama kimya mpaka nikaanza kutokwa jasho. Kisha akauliza: "Ulitaka nione nini?" Nikasema maji. Akatoa kwenye droo vipande viwili vya kadi nyeusi vilivyokatwa kwa umbo la L, akavilaza juu ya picha yangu, akaanza kuvisogeza taratibu. Anga jeupe la juu likatoweka. Kichaka cha kulia kikatoweka. Maji yakaja mbele, yakajaa, nikayasikia. Hakusema neno. Nilimshukuru kwa mdomo, nikaondoka na hasira iliyokaa nami miezi mitatu. Siku niliyokata picha ile kama alivyonionyesha ndiyo siku niliyoanza kujifunza. Kadi zile nilitengeneza zangu, ninazo mpaka leo, na hata picha yako niliichapisha kwa ajili ya kuziweka juu yake. Ukikata chini mpaka jiwe litoke, unapoteza pia mawe madogo yanayoelekeza jicho kwenye mti. Ndiyo maana nasema rudi ukahame, usikate.

Na kurudia picha si aibu. Ansel Adams, Mmarekani aliyejulikana kwa mandhari yake ya rangi nyeusi na nyeupe, alipiga mwaka 1941 picha ya mwezi ukichomoza juu ya kijiji cha Hernandez, New Mexico. Negativu, yaani filamu ambayo picha huchapishwa kutoka kwake, ni moja. Lakini aliichapisha upya kwa miongo kadhaa, na ukiweka chapa za mwanzo kando ya za baadaye utaona anga limezidi kuwa jeusi, mawingu ya juu yamemezwa karibu yote. Kabla ya kuifanya kamera kazi yake alikuwa mpiga piano, na negativu aliifananisha na muziki ulioandikwa, chapa akaifananisha na kuupiga muziki huo. Faili yako ghafi, ile iliyotoka kwenye kamera kabla ya kuhaririwa, ipo. Ipige upya.

Barua ya pili: Dada, shemeji yangu ameanza kupiga mandhari na kila wiki ananiletea picha na kuniuliza "vipi?" Nyingi ni za kawaida tu. Sitaki kumvunja moyo, na kumdanganya nako naona vibaya. Nimekuwa nikisema "nzuri" mpaka neno lenyewe limechakaa.

Ndugu yangu, hiyo "nzuri" yako naye keshaijua. Mtu anayeleta picha kila wiki anatafuta mwenza wa kutazama pamoja naye.

Kabla hujasema lolote, mpe nafasi aseme alichokitaka. Kisha anza na unachokiona, bila hukumu: "naona njia inaanzia hapa, inapotelea kwenye nyasi, halafu jicho langu halina pa kwenda." Nusu ya kazi imekwisha, na mara nyingi mwenyewe atamalizia.

Kisha chagua jambo moja. Moja tu kwa wiki. Wengi husifu, wakakosoa, wakasifu tena, na mimi njia hiyo siipendi. Mtu huzoea, na kila akisikia sifa anajikunja akisubiri pigo. Sifu pale tu ulipokiona kitu, na ukitaje kwa mahali pake.

Katika kuchagua, jiulize kosa hili ni la aina gani. Kuna ya mezani: upeo ulioinama, madoa angani yatokanayo na vumbi kwenye kihisio (sehemu ya ndani ya kamera inayopokea mwanga), rangi iliyoelemea bluu. Hayo mtajie haraka, hayana uzito. Kuna ya uwandani, na haya ndiyo yenye faida kubwa kwake, kwa sababu hakuna programu itakayomsaidia: alisimama wapi, saa ngapi, fokasi aliiweka kwenye nini. Wanaoanza, kwa mfano, huambiwa mandhari hupigwa kwa tundu dogo kabisa ili kila kitu kiwe wazi, wakaenda f/22, na picha nzima ikalainika, kwa sababu mwanga ukipita kwenye tundu dogo sana husambaa. Mwambie ajaribu f/8 na f/11, ambayo ni matundu makubwa zaidi, mahali palepale, halafu mzikuze hizo picha tatu pamoja mzitazame majani. Atajifunza kwa macho yake, wewe hutakuwa umemkosoa hata kidogo. Mfano mwingine: lenzi pana ya milimita 16 huusukuma mlima mbali mpaka unakuwa kichuguu. Akilalamika kwamba mlima ulikuwa mkubwa kuliko unavyoonekana, hapo ndipo pa kuzungumza.

Aina ya tatu si makosa, ni hiari. Maji ya maporomoko yakiwa hariri kwa kuacha mwanga uingie nusu sekunde, au matone yaliyoganda kwa 1/500 ya sekunde, ni uamuzi wake. Hapo sema "mimi ningependa hivi", na ulimi usiteleze ukasema "umekosea." Maneno hayo mawili yakichanganywa, anayeanza hujifunza kupiga picha zako badala ya zake.

Siku atakapoleta iliyo nzuri kweli, usiogope kukaa kimya mbele yake kwa muda. Ataelewa.

Barua ya tatu: Mwalimu, nilipiga mlima na taswira yake kwenye maji yaliyotulia, mstari wa maji nikauweka katikati kabisa. Jamaa mmoja akaniambia nimevunja kanuni ya theluthi, kwamba mstari kama huo ukae theluthi ya juu au ya chini, picha haifai. Nimjibu nini?

Usimjibu kwa maneno. Kanuni hiyo ni ya zamani kuliko upigaji picha. Mwingereza John Thomas Smith aliiandika mwaka 1797 akizungumzia michoro ya mandhari, na inasaidia pale anga na ardhi vinapogombea nafasi, ili umpe mmoja sehemu kubwa. Kwenye picha yako havigombei. Juu na chini ni kitu kimoja kilichokunjwa.

Hata hivyo sikutaka kuitupa hoja yake kabla ya kuijaribu. Nilichukua picha yako nikaikata mara mbili. Nilipoushusha mstari kwenye theluthi ya chini, kilele cha majini kilikatika. Nilipoupandisha theluthi ya juu, kilele cha mlima wenyewe ndicho kilichogusa ukingo. Mwonyeshe hizo mbili pamoja na ya kwako, mkae mzitazame. Na akiangalia vizuri, huenda akakuambia jambo ambalo mimi ndilo lililonisumbua: kuna tawi linaingia kutoka kulia, juu, limekata anga pasipo sababu. Nadhani ndilo lililomkwaza, akakosa jina lake.