Muulize Shangazi: Makumbusho makubwa yanatuchosha, tufanyeje?

Kamwene wasomaji wangu. Safari hii nimepata barua tatu na zote zinahusu makumbusho, nadhani ni kwa sababu likizo ya mwezi wa sita inakaribia na watu washaanza kupiga hesabu za nauli. Ya kwanza nimeijibu kirefu maana imenigusa.

SWALI: Shikamoo shangazi. Mi naishi Mafinga, nina watoto watatu, mkubwa yuko form two, wa kati darasa la tano, mdogo ana miaka sita. Mwaka jana tulienda Dar kwa ndugu, tukasema tuwapeleke watoto Makumbusho ya Taifa pale Posta. Aisee tulichoka. Baba yao anataka kusoma kila kibao, mkubwa yuko kwenye simu, mdogo analia njaa, masaa matatu yameisha tumetoka nje nawauliza mmeona nini, wa kati ananiambia ameona gari. Basi, gari tu! Nilitaka kulia. Mwaka huu baba yao anasema turudi, mi naona ni kutupa hela, bora twende zetu beach. Unanishaurije? – Mama wa watatu, Mafinga

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza huyo wa kati usimlaumu, gari ni jibu zuri tu. Pale kuna magari waliyotumia viongozi wa nchi, kwaiyo ungemuuliza ni gari gani, lina rangi gani, nani alikuwa anakaa siti ya nyuma, ungeshangaa amebeba vitu vingi kuliko unavyodhani.

Nikuambie kilichonipata mimi. Nikiwa darasa la sita shule yetu ilitupeleka Dar, tumesafiri usiku kucha, tumefika pale makumbusho saa tisa alasiri hatujaoga hatujala, mwalimu akasema tembeeni kwa mstari mmoja na kila mtu anakili maandishi kwenye daftari, kesho kutwa yanasahihishwa. Nilinakili kurasa nne. Mpaka leo kitu pekee nnachokikumbuka ni visigino vya rafiki yangu aliyekuwa mbele yangu na harufu ya dawa ya sakafu. Nimekuja kurudi pale nikiwa mtu mzima, peke yangu, nikakaa kwenye chumba kimoja tu asubuhi nzima, ndo nikajua nilinyimwa nini siku ile. Kwaiyo nikisema hili jambo linaniuma namaanisha.

Shida ni kwamba mnaingia kama watu wenye deni la kumaliza. Ile nyumba haimaliziki. Ilianzishwa 1934, ikafunguliwa 1940 kama kumbukumbu ya mfalme George wa Tano wa Uingereza, na tangu hapo wameongeza majengo na vitu, humo ndani kuna chimbuko la binadamu, kuna biashara ya watumwa, kuna Wajerumani na Waingereza, kuna vyombo vya Kilwa, kuna michoro na vinyago, yani kila chumba ni dunia yake. We ukienda Soko Kuu la Iringa huwa unanunua kila kitu kilichoko sokoni? Unaingia unajua unataka maharage, nyanya na mafuta, ukikuta parachichi zuri unaongeza, unarudi nyumbani. Makumbusho nayo nenda hivohivo.

Sasa ushauri wangu wa kwanza utakushangaza, kabla ya Dar nendeni Isimila, pale penye zana za mawe za watu wa kale. Nyie wa Mafinga mnaipita kila mkija Iringa mjini, ikibaki kama kilomita 20 kufika mjini, kibao kipo barabarani, wengi tunaangalia dirishani tu basi linapita. Wapeleke asubuhi kabla jua halijawa kali. Kuna zile nguzo za udongo zilizosimama korongoni ambazo kila mtu anazipiga picha, ni nzuri sana, ila wewe watoto wapeleke kwanza kwenye mawe. Wachuchumae. Ukiangalia juujuu utaona kokoto tu, ila ukitulia dakika mbili tatu macho yanazoea, unaanza kuona hili lina ncha huku na huku nyuma ni la mviringo, kama tone la maji, pembeni limemeguliwa kidogokidogo pande zote mbili ili pawe na makali. Hilo ni shoka la mkono. Kuna madogo ya kuenea kiganjani na kuna mengine makubwa mpaka unajiuliza aliyelishika alikuwa na mkono wa namna gani. Vipimo vya mifupa iliyokutwa pale vimerudi nyuma mpaka miaka kama 260,000. Wataalamu walichimba pale 1957 na 1958, wakakuta na mifupa ya aina ya kiboko ambaye hayupo tena duniani, macho yake yalikuwa yamechomoza juu kabisa ya kichwa, mwambie huyo wa miaka sita amchore, hatakusumbua tena siku hiyo. Na waambie mapema kwamba hakuna kuokota jiwe kuweka mfukoni hata dogo, jiwe likishatoka pale lilipolala linakuwa jiwe tu, hakuna atakayejua tena lilikuwa na nani na mfupa gani.

Hapo ndo mkifika Dar mambo yanabadilika, maana mtoto akikutana na jiwe kwenye kabati la kioo hatapita, atasema mama hili kama letu! Mimi nimeliona hilo kwa watoto wa dada yangu, walisimama mbele ya mawe muda mrefu kuliko mbele ya kitu kingine chochote, wanabishana lipi limechongwa vizuri kama vile wao ndo mafundi.

Dar chagueni vitu vitatu. Kimoja nakuchagulia mimi, Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu. Fuvu lake liliokotwa na Mary Leakey pale Olduvai tarehe 17 Julai 1959, lina umri wa miaka milioni 1.75, na makumbusho hayo ndiyo yanayolitunza. Muulizeni muongozaji kama mnachokiona mbele yenu ni chenyewe au ni nakala, wala usione aibu kuuliza, ni swali la maana. Halafu msisome kibao kwanza. Mwambie kila mtoto aweke vidole pembeni ya kichwa chake juu ya sikio, aume meno kwa nguvu, atasikia msuli unacheza. Sasa amwangalie Zinj, juu ya fuvu katikati kuna ukuta wa mfupa umesimama kama upanga wa jogoo, msuli huo wa kutafunia kwake ulipanda mpaka pale juu. Na magego yake mwangalieni, mapana kama vidole gumba vya mtu mzima. Zamani wakampa jina la mbangua karanga, wakadhani alikuwa anavunja vitu vigumu, baadae meno ya jamii yake yakapimwa ikaonekana chakula chao kikubwa kilikuwa majani ya jamii ya nyasi na ndago. Baada ya hapo mwacheni baba asome kibao kwa sauti, mtaona watoto wanasikiliza maana sasa wana maswali.

Cha pili achague mkubwa, cha tatu wachague hao wawili wadogo, hata kama ni gari lilelile la mwaka jana. Mkubwa na simu yake usigombane nae, mpe kazi ya picha kama hapo zinaruhusiwa, ila flashi azime. Baba nae mpe chumba kimoja chake akisome chote, nyie mmepumzika nje. Mtu anayependa kusoma vibao anapata raha ya kweli, usimharakishe, we mwambie tu tunakusubiri wapi.

Mengine ni ya kawaida. Msiende siku mliyoshuka kwenye basi, kutoka Mafinga mpaka Stendi ya Magufuli ni safari ya kumchosha hata mtu mzima, laleni. Kesho yake wahini mara tu wanapofungua, watoto wakiwa wameshiba, na masweta ya Mafinga acheni kwa mwenyeji, nimeona watoto wetu wanatembea Posta wamevaa makoti ya baridi wanalowa jasho. Bustani ya mimea iko jirani kabisa, ina kivuli, mkichoka kakaeni pale mle maandazi yenu. Mulizeni getini kwanza kama tiketi inaruhusu kutoka na kurudi. Masaa mawili yanatosha kabisa. Na beach mchana mnaenda, nani amesema mchague kimoja?

SWALI: Shangazi habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Iringa vijijini. Nataka kupeleka darasa la tano Kalenga kwenye makumbusho ya Mkwawa, ila wazazi wawili wamekuja juu, wanasema mtoto mdogo haonyeshwi fuvu la mtu, ataota usiku. Mwalimu mwenzangu nae anasema hao wazazi wana imani potofu, twende tu. Mimi niko katikati. – Mwalimu

JIBU: Nzuri mwalimu wangu, pole na majukumu. Hao wazazi usiwaite wajinga, mimi niko upande wao nusu. Lile fuvu la mtemi Mkwawa wa Wahehe si pambo, ni mtu, tena ni babu wa watu ambao wapo hapahapa na ukoo wake unajulikana. Mtoto anayeogopa fuvu ana adabu kuliko mtu mzima anayesogea kupiga nalo selfi.

Ila wapeleke, na kabla ya kwenda wasimulie wote, isiwe wanakutana na kioo ghafla. Waambie ya Lugalo, Agosti 17, 1891, Wahehe walivyowamaliza askari wa kamanda wa Kijerumani Zelewski na yeye mwenyewe akafa hapo. Waambie Wajerumani walivyorudi Oktoba 1894 wakaibomoa ngome ya Kalenga, Mkwawa akapigana porini miaka karibu minne, na Julai 19, 1898 akaona bora ajiue kuliko kukamatwa. Kichwa kikakatwa kikapelekwa Ujerumani. Halafu wape hii ambayo wengi hatukufundishwa, kwamba hilo fuvu liliandikwa kwenye mkataba wa Versailles wa 1919 uliomaliza vita kuu ya kwanza, kifungu cha 246, Ujerumani ilirudishe ndani ya miezi sita. Haikurudishwa. Ikapita miaka zaidi ya 30 mpaka gavana wa Tanganyika, Twining, akalifuata mwenyewe kwenye makumbusho ya Bremen, mafuvu yalikuwa mengi kwenye makabati, likachaguliwa kwa kulinganisha vipimo na vichwa vya ndugu zake, na likafika Kalenga mwaka 1954.

Mtoto akishajua hayo akiingia pale anaingia kama mtu anayeenda msibani kwa babu, kofia mkononi, sauti chini. Anayeogopa mwache abaki nje na mwalimu mmoja, kuna makaburi na mambo mengine ya kuona, asilazimishwe na asichekwe na wenzake. Na wale wazazi wawili waalike waje na nyie, siti mbili kwenye basi hazikosekani.

SWALI: Mwanangu habari za huko. Mimi ni mama wa Tukuyu, mjukuu wangu anasoma Berlin na amenikatia tiketi niende kumuona. Anasema atanipeleka makumbusho kuona mnyama mkubwa wa zamani aliyetoka kwetu Tanzania. Ni kweli au ananitania? Na magoti yangu haya nitaweza? – Bibi, Tukuyu

JIBU: Shikamoo mama. Hakutanii hata kidogo. Ni makumbusho ya viumbe asilia, yana treni ya chini kwa chini inayosimama karibu na mlango, na mnyama mwenyewe, yaani mifupa ya dinosaria, yuko ukumbi wa mbele, huna haja ya kutembea sana. Ombeni kiti mara mnapoingia, kwenye makumbusho makubwa watu wanakaa na kuangalia, hakuna atakayekushangaa, na kwa huyu kukaa ni bora maana ana urefu wa mita 13.27 kwenda juu, ukisimama shingo itakuuma.

Ametoka Tendaguru, mkoa wa Lindi, aliishi miaka kama milioni 150 iliyopita. Wajerumani walichimba pale kuanzia 1909 mpaka 1913, ila nikisema Wajerumani walichimba nakosea, waliochimba kwa mikono ni watu wetu, mamia, wanaume kwenye mashimo, na mizigo ya mifupa ikabebwa kichwani na mabegani kwa miguu mpaka bandari ya Lindi, safari ya siku kadhaa, inasemekana zaidi ya tani 200 ziliondoka kwa namna hiyo. Mifupa mingine ilikuwa imekatika vipandevipande, kila kimoja kinafungwa, kinaandikwa namba, kinapewa mtu. Mimi nikiangalia picha ya ule mguu wa mbele, ambao peke yake ni mrefu kuliko mlango wa nyumba yangu, nafikiria shingo za wale wabebaji.

Aliyekuwa anawasimamia alikuwa Mtanganyika mwenzetu, Boheti bin Amrani, ndiye aliyejua mfupa unatolewaje ardhini bila kuvunjika, na wale mabwana wenyewe walimtegemea. Mama, ukifika mwambie mjukuu akusomee maelezo yote ya pale ukumbini akitafuta hilo jina. Akilikosa, mwende kwa mfanyakazi yeyote mliyemuona karibu mmuulize liko wapi.