Kabla ya Kununua Simujanja Mpya, Jiulize Kilichochoka ni Nini

Simu yangu ilikuwa imetimiza miaka mitatu ilipoanza kunitia aibu. Ilikuwa ikionyesha chaji asilimia 40, nikapigiwa na mtu wa kazini, na kabla hatujamaliza kusalimiana ikazima yenyewe. Nilipoichomeka kwenye chaja ikawaka na kuonyesha asilimia 38, kama mtu aliyeshtuliwa usingizini akakana kwamba alikuwa amelala. Baada ya wiki mbili za vituko hivyo niliamua kwamba imekwisha. Nilinunua mpya kwa fedha niliyokuwa nimeitenga kwa shughuli nyingine, na ile ya zamani nikampa mdogo wangu, ambaye alisema anaitaka kwa ajili ya tochi na kengele ya kumwamsha tu. Haikupita wiki akaipeleka kwa fundi, ikabadilishwa betri kwa muda usiofika saa moja, kisha akaitumia kwa miaka miwili na nusu bila manung'uniko.

Tangu hapo, mtu akiniomba ushauri kama anunue simujanja mpya au avumilie na ya zamani, simwulizi ana fedha kiasi gani wala anapenda aina ipi. Namwuliza kwanza: katika simu uliyo nayo, kilichochoka ni nini? Mara nyingi hana jibu, kwa sababu simu huchoka kipande kimoja kimoja, ilhali sisi huihukumu yote kwa pamoja.

Kipande kinachotangulia kuchoka karibu kila mara ni betri. Betri za lithiamu hupungua uwezo kila zinapotumika na kuchajiwa, na upungufu huo hauletwi na uzembe wa mtumiaji, ingawa joto huuharakisha. Apple yenyewe inaeleza kwamba betri za iPhone 14 na zilizotangulia zimeundwa kubaki na asilimia 80 ya uwezo wake wa awali baada ya mizunguko 500 ya chaji, na kuanzia iPhone 15 idadi hiyo ikapanda hadi 1,000. Mzunguko mmoja maana yake si kuchomeka chaja mara moja, bali ni kutumia jumla ya asilimia 100, hata kama umeitumia nusu leo na nusu kesho. Anayemaliza chaji nzima kila siku atafikisha mizunguko 500 kabla ya mwaka mmoja na nusu, naye atashangaa kwa nini simu anayoiona bado mpya haifiki jioni.

Kuhusu kuzima ghafla ikiwa na asilimia 40, fundi alimfafanulia mdogo wangu kwa mfano ambao sijausahau: betri iliyozeeka ni kama mtungi wenye maji lakini shingo yake imeanza kuziba. Maji yamo, ila ukiyahitaji mengi kwa mara moja hayatoki. Kupiga simu, kuwasha kamera au kutafuta mtandao mahali penye mawimbi hafifu huhitaji umeme mwingi kwa ghafla. Betri dhaifu inashindwa kuutoa, na simu inazima ili kujikinga. Desemba 2017 Apple ilikiri kwamba programu yake ilikuwa ikipunguza kasi ya baadhi ya iPhone zenye betri zilizochoka, kusudi zisizime kwa namna hiyo. Kwa hiyo hata simu inayoburura miguu inaweza kuwa inalilia betri tu. Simu nyingi siku hizi huonyesha hali ya betri katika sehemu ya mipangilio, na ukikuta imeshuka chini ya asilimia 80, mtafute fundi kabla ya kumtafuta muuzaji. Kuna hali moja isiyo na mjadala: ukiona mgongo wa simu umetuna au kioo kimeinuka pembeni, betri imevimba, na simu hiyo isichajiwe tena hata usiku mmoja.

Kipande cha pili ni hifadhi, na hapa niruhusiwe kucheka kidogo. Rafiki yangu aliniletea simu iliyokuwa ikiganda kila anapofungua kamera, akiwa tayari ameshachagua atakayoinunua. Tulipofungua mipangilio tulikuta imebakiza nafasi isiyofika gigabaiti moja, na sehemu kubwa ilikuwa imeliwa na video za makundi ya WhatsApp: salamu za asubuhi zenye maua na muziki, baadhi zikiwa zimejirudia mara nne au tano kwa kuwa kila kundi lilikuwa limemtumia zilezile. Tulifuta kwa muda wa nusu saa, tukazima upakuaji wa video wa moja kwa moja, tukaizima simu na kuiwasha upya. Kamera ikafunguka papo hapo. Simu haifanyi kazi vizuri ikiwa imejaa pomoni, kwa sababu mfumo wake nao unahitaji mahali pa kuandika mambo yake.

Kioo kilichopasuka, tundu la chaja lililojaa vumbi na spika inayokwaruza ni vitu vya fundi, navyo sitavirefusha. Ninachosema tu ni kwamba ukifika mahali pa kubadilisha kioo, betri na tundu la chaja kwa pamoja, omba hesabu ya jumla kabla ya kazi kuanza, maana kwa baadhi ya simu gharama ya kioo peke yake hukaribia nusu ya thamani iliyobaki ya simu yenyewe, na hapo matengenezo huwa ni ukaidi.

Sasa niseme lini kununua ni haki, kwa sababu sitaki msomaji adhani mimi ni mtu wa kung'ang'ania vikuukuu. Simu yangu iliyofuata, ile niliyoinunua kwa pupa, ilitunzwa vizuri: kioo kisicho na mkwaruzo, betri nzima, hifadhi tele. Asubuhi moja nilifungua programu ya benki nikakutana na ujumbe kwamba toleo la mfumo wangu halikubaliwi tena. Nilipochunguza nikagundua kwamba mtengenezaji alikuwa ameacha kutoa masasisho ya usalama ya simu hiyo miezi kumi na tano kabla, na mimi sikuwa na habari. Huu ndio uchovu ambao fundi hana dawa yake. Masasisho ya usalama huziba matundu yanayogunduliwa katika mfumo. Yakikoma, kila tundu jipya linabaki wazi, nawe unaendelea kubeba mfukoni barua pepe zako, picha zako na akaunti yako ya fedha ndani ya nyumba isiyo na komeo. Siku hiyo nilianza kutafuta simu mpya na sikujuta.

Programu nazo hufunga milango kwa wakati wake. WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye simu zenye toleo la Android lililo chini ya 5.0 mnamo Oktoba 2023, na Mei 2025 ikaziacha iPhone ambazo mfumo wake, iOS, haufikii toleo la 15.1, zikiwamo iPhone 5s, 6 na 6 Plus. Mwenye simu ya namna hiyo hahitaji ushauri wangu, ameshaamuliwa.

Kwa sababu hiyo, ninapopima simu ya kununua, jambo la kwanza ninalotafuta ni mwezi ambao masasisho yake ya usalama yatakoma. Kamera na rangi hufuata baadaye. Google iliahidi miaka saba ya masasisho kuanzia Pixel 8 ya mwaka 2023, na Samsung ikaahidi miaka hiyohiyo saba kwa Galaxy S24 iliyotoka mwanzoni mwa 2024, lakini simu za bei nafuu za watengenezaji wengi hupewa miaka pungufu ya hiyo. Hapa pana mtego ambao umewanasa watu wengi ninaowafahamu: kwa kawaida ahadi hiyo huhesabiwa tangu simu ilipoingia sokoni, wala si tangu siku uliyoinunua. Simu iliyotoka miaka mitatu iliyopita na leo imepunguzwa bei imeshakula miaka mitatu ya umri wake ikiwa kwenye rafu.

Mimi hugawanya bei kwa idadi ya miezi ya masasisho iliyobaki. Tuseme simu moja inauzwa nusu ya bei ya nyingine, lakini ya kwanza imebakiza miezi 18 na ya pili miezi 72. Ukigawanya utaona kwamba ile inayoonekana rahisi ni ghali mara mbili kwa kila mwezi utakaoitumia kwa usalama. Hesabu hii haielezi kila kitu, kwani mtu asiye na fedha ya kutosha leo hawezi kula hesabu, lakini imenizuia mara mbili kununua kitu kwa kuvutiwa na karatasi ya punguzo.

Vishawishi vingine navitazama kwa jicho la pembeni. Wazee walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na sijaona mahali methali hii inapokaa vizuri kuliko kwenye kaunta ya simu. Muuzaji atakutajia megapikseli 50 au 108, lakini ubora wa picha hutegemea zaidi ukubwa wa kihisi cha mwanga, lenzi na programu inayoichakata picha. Simu nyingi zenye namba hizo kubwa huunganisha pikseli nne au tisa kuwa moja, na picha inayotoka huwa na megapikseli 12 hivi. Zaidi ya hayo, kwa mipangilio ya kawaida WhatsApp huibana picha unapoituma, kwa hiyo shangazi hataona tofauti uliyoilipia. Kabla ya kuilaumu kamera ya simu yako, futa lenzi kwa kitambaa laini kisha piga picha dirishani mchana. Nimeshaona uamuzi wa kununua ukiahirishwa kwa mwaka mzima kwa kufuta lenzi tu.

Kuna pia gharama ambazo haziandikwi kwenye bei. Kava na kinga ya kioo vya zamani havitaingia kwenye simu mpya. Huenda chaja isiwemo ndani ya boksi, kwani Apple iliiondoa kuanzia iPhone 12 mwaka 2020 na wengine wakafuata. Huenda tundu la spika za masikioni au la kadi ya kumbukumbu halipo, nawe ulikuwa ukivitegemea. Ukinunua kwa malipo ya awamu, jumlisha malipo yote hadi la mwisho kabla ya kutia saini, na uulize waziwazi kama simu itafungwa kwa mbali siku utakapochelewa.

Gharama iliyoniuma kuliko zote ilikuwa ya kuhama. Nilihamisha picha, namba za watu na mazungumzo, nikajiona nimemaliza, nikaifuta simu ya zamani na kuirudisha katika hali ya kiwandani. Nilisahau programu inayotoa zile tarakimu sita za kuthibitisha unapoingia kwenye akaunti. Ilikuwa haijahamishwa. Nilikaa siku tisa nje ya barua pepe yangu mwenyewe, nikijaza fomu za kuthibitisha kwamba mimi ndiye mimi. Ushauri wangu ni kwamba simu ya zamani ikae kabatini ikiwa na kila kitu chake kwa wiki mbili angalau, na usiifute mpaka umefungua kila programu muhimu kwenye simu mpya kwa mkono wako.

Simu iliyokwishatumika ni njia ya katikati, nami siipingi. Ukiwa na muuzaji, bonyeza *#06# ulinganishe IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenye tarakimu 15, na ile iliyo kwenye boksi au risiti. Hakikisha akaunti ya mwenye simu wa kwanza imeondolewa mbele ya macho yako, kwa sababu simu iliyofungwa na akaunti ya mtu mwingine ni kipande cha kioo tu. Piga simu halisi, sikiliza na usikike, kisha angalia hali ya betri. Halafu rudi kwenye ile hesabu ya miezi, kwani simu iliyotumika huwa imetumia pia sehemu ya masasisho yake.

Nyongeza ya pembeni kwa wanaojali mazingira: sehemu kubwa ya hewa ya ukaa inayotokana na simu katika maisha yake hutolewa inapotengenezwa, wala si inapochajiwa. Kila mwaka unaouongeza kwa simu uliyo nayo una maana.

Simu ninayoitumia sasa ina ufa mwembamba kwenye kona ya chini, na betri yake imeshabadilishwa mara moja. Mwezi ambao masasisho yake yatakoma nimeuandika kwenye kipande cha karatasi na kukisokomeza ndani ya kava, nyuma ya simu. Mdogo wangu alikiona siku moja alipoazima simu apige picha, akakisoma, akakirudisha polepole mahali pake. "Kaka," akaniuliza, "kwa hiyo hii nisubiri mpaka mwezi huo?"