Nibaki na Peugeot 504 ya mzee au ninunue gari la kisasa?

Ndugu yangu, nimekuelewa: kila wiki unasafiri Kisumu hadi Nakuru na watoto, na hujui kama uifufue 504 ya mzee au uiuze ununue gari la 2019 kutoka Japani.

Niliendesha 504 miaka tisa. Kwa starehe kwenye barabara mbovu sijaona mfano wake: viti kama kochi, springi laini, shimo unalisikia kwa mbali. Si bure ilishinda Safari Rally 1975 na 1978. Ikizima njiani, fundi anafungua kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) kwa bisibisi, anapuliza jeti, yaani kitundu cha petroli, kwa mdomo, mnaendelea. Lakini haina mifuko ya hewa wala ABS (mfumo wa breki unaozuia magurudumu kujifunga), na ule mteremko wa Mau Summit una malori na ukungu. Kwa ajili ya watoto, nunua la kisasa.

Kabla hujalipa, fundi wako asome kompyuta ya gari kwa mashine ya kupima hitilafu, kisha alikague chini. Likiwa na giaboksi ya CVT (ya otomatiki, isiyo na gia za hatua kwa hatua), weka oili yake maalumu pekee, nyingine itaiua. Taa ya injini ikiwaka, usikubali fundi abahatishe.

504 usiiuze haraka. Ifunike, uiwashe mara kwa mara.