Mtafute mwigizaji kabla ya mzuka

Picha za Kijapani za mizuka ya kabuki (tamthilia ya jadi ya Japani), zile zilizochapwa kwa vibao vya mbao, humvuta mtu kwa kinachotisha: nywele zilizotimka, mikono iliyolegea, moto wa buluu unaoelea. Hata mimi ndicho kilichonivuta. Lakini ukinitaka ushauri, nitakuambia uuache mzuka kwanza, umtafute mwigizaji.

Picha hizi ziliuzwa kwa mashabiki. Mnunuzi wa Edo, Tokyo ya leo, alitaka kumwona nyota wake, hivyo mchoraji alibanwa pande mbili: uso uwe wa maiti, ila pua na taya ziwe za mtu anayejulikana mji mzima. Uzuri wote umo humo.

Chukua mzuka wa Asakura Togo, aliochora msanii Kuniyoshi mwaka 1851. Togo ni kiongozi wa kijiji anayepeleka malalamiko ya kodi kwa shoguni, mtawala wa kijeshi wa Japani, anauawa, kisha anarudi kumtesa bwana aliyemwonea. Aliyemwigiza ni Ichikawa Kodanji wa Nne. Mtazame Kodanji huyo katika picha nyingine akiwa mtu wa kawaida, kisha mrudie Togo. Utaona Kuniyoshi alichobadilisha na alichokiacha makusudi, na hapo ndipo picha inapoanza kutisha kwelikweli.

Usitegemee jina. Mwaka 1842 serikali ilipiga marufuku picha za waigizaji, na hata ziliporudi, kwa miaka mingi zilitoka bila majina yao. Watazamaji waliwatambua kwa sura. Wewe pia tazama sura, halafu nembo za ukoo kwenye mavazi. Ya akina Ichikawa Danjuro, ukoo maarufu wa waigizaji, ni miraba mitatu, mmoja ndani ya mwingine. Rangi za usoni nazo zinasema: nyekundu ni ya shujaa, buluu ni ya waovu na mizuka.

Jifunze pia mbinu za jukwaani, maana bila hizo baadhi ya picha hazieleweki. Katika tamthilia ya mzuka wa Yotsuya, iliyoanza kuigizwa 1825, maiti za wahusika wawili, Oiwa na Kohei, zimepigiliwa misumari pande mbili za mlango mmoja. Mlango unageuzwa, na mwigizaji ni yuleyule. Ndiyo maana kuna picha zenye kijikaratasi cha kufunua: ukikiinua, maiti mmoja anakuwa mwingine. Napenda sana hizo.

Kununua kunaweza kungoja. Jumba la makumbusho ya tamthilia la Chuo Kikuu cha Waseda limeweka maelfu kwa maelfu ya picha mtandaoni, bure. Tafuta kwa jina la mwigizaji, zifungue kadhaa pamoja, uzilinganishe. Asiyejua aanze na nani, nampendekezea Onoe Kikugoro wa Tano: mwaka 1893 mchoraji Kunichika alitoa mfululizo mzima wa picha za mtu huyo mmoja katika nafasi zake mbalimbali, binadamu na wasio binadamu.