Rekodi mbili za "Unchained Melody", kundi lilelile

Swali: Nina "Unchained Melody" mbili, moja kwenye santuri, nyingine kwenye kaseti. Zote zimeandikwa The Righteous Brothers, lakini sauti hazifanani. Je, kaseti imeharibika? Na ipi ndiyo ya filamu ya Ghost?

Jibu: Kaseti yako ni nzima. Hizo ni rekodi mbili tofauti, moja ya 1965 na nyingine ya 1990.

Ya filamu ni ile ya 1965. Kundi lilikuwa la watu wawili, lakini humo anaimba Bobby Hatfield peke yake, hata miaka 25 hajafikisha. Iliwekwa upande wa pili wa santuri, na watangazaji wa redio ndio walioigeuza wakaipenda. Sikiliza anavyoanza kwa upole, ala zikiongezeka kidogo kidogo ndani ya mwangwi mzito, mpaka anaporusha sauti juu karibu na mwisho. Wengi wameuimba wimbo huu tangu Alex North na Hy Zaret walipoutunga kwa ajili ya filamu ya wafungwa, Unchained, ya 1955. Mwaka huohuo Les Baxter, Al Hibbler na Roy Hamilton waliutoa Marekani, na Jimmy Young akashika namba moja Uingereza. Kwangu mimi hakuna aliyemfikia Hatfield.

Ghost ilipotoka 1990, wimbo ukatafutwa upya. Rekodi ya zamani haikuwa mali ya waimbaji, kwa hiyo waliingia tena studio na kuirudia kwa kampuni ya Curb. Zote mbili zikawa ndani ya 20 bora za Marekani kwa wakati mmoja, ndiyo maana hadi leo zinachanganywa.

Kuzitambua, tafuta herufi P ndani ya duara: mwaka ulio kando yake unahusu sauti, ilhali ule wa herufi C unahusu jalada na maandishi. Angalia pia jina la kampuni. Santuri ya awali ina lebo ya Philles. Kwenye mikusanyiko ya nyimbo usitegemee alama hiyo peke yake, maana mara nyingi huandikwa mwaka wa mkusanyiko wenyewe. Hapo linganisha kwa masikio: sauti ya 1990 ni ya mtu mzima wa miaka 50.

Santuri yako ikiwa ni ya Philles, badilisha sindano iliyochakaa kabla ya kuipiga tena.